Chumvi ya Ua la Baharini

...kidogo tu, kijiko kimoja, kitamdhuru nini, na mkono wa Bertilla umesimama juu ya tangi la kioo, kijiko kimejaa chumvi ya mawe aliyoitwanga mwenyewe, na huko chini, juu ya jiwe lake, ua la baharini limejikunja likawa donge, ua ambalo si ua hata kidogo, ni mnyama, mumewe Isakwisa alimwambia hivyo siku alipolishusha kwenye lori, mnyama asiye na macho wala miguu, ana vidole tu, vya kijani vyenye ncha za zambarau, vilikuwa vikipunga majini mchana kutwa, ukikaa kuviangalia unasahau hata chungu jikoni... na sasa vimeingia ndani vyote, hataki dagaa, hataki kipande cha samaki, anapigiwa hewa kwa pampu ya baiskeli asubuhi na jioni na bado amejifungia, na Isakwisa yuko Kasesya mpakani, kazini, akirudi atakuta nini, mnyama aliyemtoa Tanga na mapipa ya maji ya bahari, akamvusha nchi nzima, aje amfie mke wake mikononi... "Bertilla," mama yake anaita kutoka jikoni, "lile lori la mbolea la Kalisti linarudi Kate lini?" na Bertilla anajibu kama anavyojibu kila siku, "Kunywa chai kwanza, mama, nimeitia sukari," sukari yenyewe ya kupangia foleni, na mama hanywi, chai inapoa juu ya kigoda, mama Stefania, aliyehamishwa shambani kwake mwaka jana, nyumba ikaezuliwa mchana kweupe yeye amekaa pembeni na kuku wake kwenye tenga, akapelekwa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Kate, nyumba zimepangwa mstari, na Bertilla aliposikia alilia, akamfuata, akamleta hapa Sumbawanga alale kitanda cha springi, akampa nyama, akampa blanketi jipya, pole ya asubuhi na pole ya kulalia, na mama anazidi kunywea, juzi alikuwa bado anasimulia, jana alijibu kwa kichwa... mstari wa rangi nyekundu uko kwenye kioo, aliuchora Isakwisa, maji yakishuka chini ya hapa ongeza, alisema, hakusema ongeza nini, na Bertilla hakuona haja ya kuuliza, kwani bahari si chumvi? basi kila maji yaliposhuka alikoroga chumvi kwenye ndoo akamimina, na kwa upepo huu wa Ufipa unaopasua midomo, maji yanashuka kila uchao... yamekuwa chumvi tupu haya, alisema mama juzi, akasukuma sahani ya maharage, na Bertilla alinuna, kwa sababu hakuyaongeza chumvi tangu siku aliyoyapika, aliyapasha tu, akayapasha tena, mchuzi ukapungua... mchuzi ukapungua, chumvi ikabaki... na huu ukoko mweupe ukingoni mwa kioo, anaoufuta kila siku akidhani vumbi, ni chumvi, chumvi haijaenda popote, kinachoondoka ni maji, maji matupu kama ya mtungini, Mungu wangu, nimemkausha huku namtunza... wenzangu wapo kule, mama alisema siku ile ile aliyofika, Epifania yuko kule, walihamishwa pamoja, wanapeta ulezi pamoja, wanagombana kuhusu kuku na kupatana kabla ya jioni, na Bertilla alimjibu kwa nyama, kila aliposema wenzangu alimwongezea kitu, na tangu Isakwisa aondoke nani anaogopa nyumba hii ikiwa kimya, nani anayesikiliza kikohozi cha mwenzake ndipo apate usingizi, si mama, mama hakuwahi kuomba kuja... "Bertilla," sauti imekuwa ndogo, "nimekuuliza lori," na kijiko bado kiko juu ya maji, haijaanguka hata punje, donge liko vile vile juu ya jiwe na huenda lisifunguke tena, "Kesho asubuhi, mama," anasema, "linapakia mbolea pale ghalani, nitakusindikiza," na kutoka jikoni anasikia kikombe kikiinuliwa kwenye kigoda.