Mwenye Ndevu Ukutani

...Jumamosi, saa kumi na robo alasiri, hapo ndipo mkono ulipomponyoka Rhobi ukaenda wenyewe, mkono wa kulia, bado una maji ya kuoshea samaki, sato, alisikia hodi akadhani ni mumewe Florian amerudi na basi la Bunda, akafungua kwa pupa, kumbe ni baba mkwe, Mzee Magige wa Butiama, na kofia yake na fimbo yake, peke yake, amewahi, na badala ya kuinamisha macho na kurudi nyuma kama alivyofundwa, badala ya kutoa salamu akiwa kando ya mlango, Rhobi akamtazama usoni, usoni kabisa, akasema shikamoo baba na akamshika mkono... akamshika!, baba wa mume, mtu ambaye hata chumba kimoja hawapaswi kukaa, shangazi zake wana wajukuu na hawajawahi kugusa hata ncha ya fimbo ya baba mkwe, na mzee akaurudisha mkono taratibu kama anayechomoa kidole kwenye mtego, akaangalia dari, akapita sebuleni, akakaa, na sasa Rhobi amesimama jikoni, ukuta mmoja tu katikati yao, anasikiliza kikombe, maana chai ameipeleka Shani, jirani mwenye duka, Shani hana ukwe hapa, alipita na sinia akarudi kaziba mdomo kwa kiganja, "We Rhobi, babu kakaa kama anapigwa picha ya pasipoti, chai hajaigusa," kisha huyoo, dukani kwake, wateja wanamwita, na kikombe kipo kwenye kisosi, kisosi kilichaguliwa makusudi, kisosi kinasema, kikinyanyuliwa kikombe lazima kisikike, na mzee akinywa basi yameisha, na asipokunywa... mkwe asiyeonja kitu nyumbani kwako ameshakuaga, bibi yake Bhoke alikuwaga akisema hivyo huku anachambua mtama, ameshakuaga, hatarudi mpaka kwenye msiba, na Florian naye amekwama Bunda, tairi, ametuma ujumbe mmoja tu, "nakuja, usiogope," anamwambia nani asiogope, na hivi yeye Rhobi, mhitimu wa historia, mtu wa kusahihisha tarehe kwenye mabango ya watu, ameshindwa kuulinda mkono wake mwenyewe... na zile picha, Mungu wangu, sasa hivi mzee anaziangalia zile picha, hapana, anaiangalia moja, ndiyo shida yenyewe, ni moja, zilikuwa mbili, jozi, michoro ya kuchongwa ya magazeti ya Ulaya ya zaidi ya miaka mia iliyopita, majaribio ya kwanza ya simu, alizichapisha hapa mtaani Iringo kwenye karatasi nzito, Fahadi fundi seremala akazitia fremu akiuliza, "Dada, hawa ni wazee wenu wa upande gani?", katika ya kwanza mzungu mwenye ndevu ameinamia meza anasema ndani ya kitu kama faneli ya mafuta ya taa, waya unatoka mezani unaingia ukutani, na katika ya pili, chumba kingine, kijana ametega sikio kwenye kisanduku, mdomo wazi, ndio kwanza amesikia, na alitaka zikae pamoja, bega kwa bega, alishapima na rula, lakini televisheni ya Florian ikala nafasi, mwenye ndevu akabaki sebuleni na kijana akahamishiwa huku jikoni, ukuta uleule, upande wa pili, na tangu siku hiyo jambo hilo linamkera kama jiwe kwenye wali, mtu anasema na msikilizaji hayupo, waya unaingia ukutani na hautokei popote, mgeni gani ataelewa, ataona tu mzungu anapulizia faneli, atasema huyu mke wa mwanangu, hana soni na picha zake hazina akili...

"Wewe mwenye ndevu."

Nani?, Florian hajafika, Shani yuko dukani anapigia mtu hesabu ya vocha, redio imezimwa...

"Wewe mwenye ndevu, nakuuliza. Unavuta ugoro kwenye hiyo faneli, au ni simu hiyo?" Kikohozi kidogo. "Kule kiwanda cha pamba Bunda tulikuwaga nayo ya kuzungusha. Meneja akipiga kelele, Mwanza walikuwa wanamsikia hata bila waya."

...anaongea na picha, mzee anaongea na picha, na Rhobi ameuma kitambaa cha vyombo asicheke, asilie, hajui kipi, mpaka bibi Bhoke akamrudia tena na mtama wake, bibi alisema zamani wakwe walikuwa wakipitishia maneno kwa mbwa, "mbwa we, mwambie mwenye jiko maziwa yanamwagika," na mwenye jiko anamjibu mbwa, na hakuna aliyevunja heshima, na hapa Iringo mbwa hakuna, mwenye nyumba amekataza...

"Sasa mwambie huyo wa upande wa pili," mzee anaendelea, taratibu, kama anayesoma hati, "mimi nimekuja Musoma kutibiwa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mlangoni kuna mtu alinishika mkono, uso sikuuona. Nadhani ni yule mama wa duka. Ana mkono wa kazi, unanuka sato. Nimemaliza. Na chai sukari haitoshi."

...haitoshi, kwa hiyo ameonja, ameonja saa ngapi, kisosi kimelia yeye akiwa wapi, alikuwa anasikiliza hofu yake badala ya kisosi, na tena ngoja, mtu asiyeona uso ulio mbele yake ameonaje ndevu za mchoro ule kutoka kwenye kochi, ameonaje faneli, hili ni kosa, hili ni kosa la wazi, ulimi wa Rhobi umeshainuka kulisahihisha kama kawaida yake... na ukatulia, kosa hili limepimwa, limetiwa fremu, amepewa yeye makusudi, na mbele yake kijana wa kwenye mchoro ametega sikio mdomo wazi, na waya, kumbe waya unatokea hapa, ulikuwa unatokea hapa siku zote, akamsogelea yule kijana na kusema kwa sauti ya kufika ng'ambo, "Mwambie mwenye ndevu sukari inakuja."

"Hee," ikasema sebule, na kisosi kikalia.

Asubuhi yake Florian, aliyefika usiku, alikuwa bado anakoroma, Rhobi akasogeza picha ya jikoni kidogo kushoto ilingane na mwenzake wa ng'ambo, akaweka bakuli la uji la mzee kwenye stuli ya mlango wa sebule, sukari ya kutosha, akarudi jikoni upesi, na kwa kuwa alishasoma mahali kwamba simu za mwanzo hazikuwa na kengele, mpigaji aligonga kwa penseli ili aitikiwe, akachukua penseli, akagonga ukuta.