Memoria ya Bibi Eneida

"Kaongea, shoga, kaongea! Babu Evelio, marehemu, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, kamtaja bibi kwa jina, na mimi kahawa yote mapajani!

Ngoja nianze vizuri. Unaijua ile kompyuta yake, nene kama tofali, bibi Eneida huifunika kitambaa kama tundu la ndege aliyelala. Tangu mwezi wa tatu ukiiwasha inazungusha kile kiduara, inazungusha, inazungusha, mpaka umeme wa Santa Clara unakatika. Betri nayo ilishakufa zamani. Na humo ndimo babu alimomrekodia bibi maneno alipokuwa anaumwa. Bibi hajawahi kuyasikiliza! Alikuwa anasubiri apate nguvu. Kaja kuzipata, mashine imegoma.

Basi chuoni nikapata mfumo mwepesi, wa kufufulia kompyuta kuukuu. Kasheshe sasa: ile mashine haina hata pa kuingizia sidii. Lazima mfumo uingie kwa memoria, hivi vijiti vyetu vya kuchomeka. Nyumbani kipo kimoja tu, kimejaa tamthilia ya bibi, vipindi vitatu vya mwisho, hajaviona.

Nikamwambia, 'Bibi, naomba memoria yako, ila itafutika yote.'

Akacheka mpaka meno ya bandia yakateleza. 'Memoria yangu, hii kumbukumbu ya kichwani? Mwanangu, mbona hiyo inajifuta yenyewe! Jana nimetia chumvi kwenye kahawa.'

'Ile ya kuchomeka, bibi!'

Akayarudisha meno mahali pake. 'Yule binti wa tamthilia, ataolewa?'

'Sijui.'

'Basi ataolewa. Wote huolewa. Futa.'

Nikaenda nayo chuoni, nikafuta, nikapakia mfumo. Leo baada ya chakula, mvua inanyesha taratibu juu ya vigae, mtaa mzima umelala, nikachomeka. Nikawasha huku nabonyeza kitufe cha F12 kama kuku anayedonoa mchele, nikachagua memoria. Shoga, kioo kikawa bluu, bluu ya maji ya asubuhi, chumba kizima kikawa kama kinaelea, hata uso wa bibi. Vikatokea vitufe viwili: Jaribu, Sakinisha. Mimi na kiherehere changu, Sakinisha! Ikauliza: Futa diski yote?

Kidole kiko hewani, bibi kavaa miwani, anasoma silabi kwa silabi. 'Di-ski. Yanelkis! Si ndimo alimo Evelio?'

Nikaganda. Mimi msomi! Nikarudi kwenye Jaribu, mfumo ukawaka kutoka kwenye memoria bila kugusa kitu, nikafungua diski. Folda moja, imeandikwa Eneida. Rekodi saba.

Nikabonyeza ya kwanza. Kikohozi. Halafu: 'Eneida, mpenzi, usilie. Kuna kitu sijakwambia kuhusu ile cherehani…'

Pap! Umeme.

Bibi kaweka kiganja juu ya kompyuta, bado ina joto. Akatabasamu kama yuko ndotoni. 'Ndivyo alivyo. Hajawahi kumaliza sentensi.' Tukaigeuza cherehani yake juu chini, hatukuona kitu.

Kwa ratiba ya mgao, umeme wetu unarudi kesho saa nne asubuhi, na hatusakinishi chochote mpaka babu amalize. Bibi ameshatoa gauni atakalovaa kumsikiliza, lile la manjano. Wewe njoo saa tano, nitakwambia cherehani ina nini."