Mpaka Ijumaa Kuu

Mashine ya kupigia pasi mashuka ya hospitali haiendeshwi na mtu mmoja. Ghalia alishika pembe ya kushoto, Serah akashika ya kulia, wakalinyoosha shuka, wakalitia kwenye roli la moto, wakainama kuchukua jingine. Ndiyo kazi yao tangu saa kumi na mbili asubuhi, katika kiwanda kikubwa cha udobi nyuma ya stesheni ya Edmonton, Uingereza, Aprili ya mwaka 2000. Mfukoni mwa aproni ya Ghalia mlikuwa na kafuri iliyofungwa kwenye karatasi, maana mamake alikufa jana.

Alikufa jana, na leo yuko kazini. Usimlaumu kabla hujasikia.

Bi Time, mamake, alikuwa mkosha maiti kule Wete. Amekosha wanawake wa mji mzima, na Ghalia akiwa msichana ndiye aliyemshikia kata ya maji ya kafuri. Uzeeni akalala miezi mitatu hospitali Lewisham, anageuzwa na kufutwa na watu asiowajua majina, wengine wanaume, naye haulizwi. Siku moja akamshika bintiye mkono. "Hapa wamenikosha sana watu," akamwambia. "Ile ya mwisho unikoshe wewe."

Ghalia akaahidi. Nusu siku tu ilitakiwa, jamani. Nusu siku!

Lakini hiyo nusu siku aitoe wapi? Ukishapita mwaka mpya, Uingereza haina benki holidei, siku ya mapumziko ya nchi nzima, hata moja mpaka Ijumaa Kuu, na mwaka ule Pasaka ilichelewa mno. Karibu wiki kumi na sita mtu anakwenda tu, miguu imevimba, hajui Jumanne na Alhamisi zinatofautiana nini. Likizo ya sheria ipo, wiki nne, ila kampuni ilizihesabu benki holidei zote humo humo, ikafunga wiki ya Krismasi ikaihesabu pia, na zilizobaki ikazipanga yenyewe Agosti. Mfanyakazi aliachiwa siku moja ya kuchagua, kwa fomu, wiki mbili kabla. Anayekosa kazi bila fomu anapigwa alama. Alama tatu, nje.

Siku yake hiyo moja Ghalia aliipoteza kwa ajili ya mwezi. Alitaka kula Idi Kubwa pembeni mwa kitanda cha mamake, na kila aliyemwona mgonjwa alijua Idi nyingine hataiona. Fomu inataka tarehe wiki mbili kabla, na mwezi wa Mfungo Tatu, ambao ndio unaopanga Idi hiyo, unaandama siku kumi tu kabla. Akabahatisha, akaandika Ijumaa. Msikiti ukatangaza Alhamisi. Akaenda hospitali Alhamisi, na wallahi hata mimi ningekwenda, akapigwa alama ya pili. Ya kwanza aliipata Januari, mama alipoanguka bafuni. Akaomba basi Ijumaa aje kazini, siku yake imrudie. Wakasema fomu imeshaingia.

Kwa hiyo leo amekuja, asije akapigwa alama ya tatu kabla hata hajajua saa ya kukosha. Kakake, Sufian, alikuwa anahangaikia karatasi za mazishi. Simu yake ikaingia saa tatu, ofisini kwa supavaiza.

Firoz, supavaiza, ni Muhindi wa Mombasa, Muislamu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha watoto wa Ghalia, ambao ukiwaita wanakujibu kwa Kiingereza. Alikuja mwenyewe mpaka mashineni, akasema inna lillahi, akatoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akafikisha ujumbe: karatasi zimepatikana, maiti anakoshwa saa sita, anazikwa saa nane. Wakiikosa nafasi ya leo, kaburi ni mpaka wiki ijayo.

"Nipe masaa manne tu, kaka Firoz. Nitarudi, nitamaliza usiku."

"Siku ya msiba ipo, dada. Lete cheti cha kifo, unaondoka sasa hivi."

"Cheti anacho kaka yangu, Lewisham. Ndicho anachozikia."

"Bila cheti ni alama ya tatu. Si mimi, ni kompyuta."

Ghalia akapunguza sauti. "Wewe unajua kumkosha mzazi ni nini."

"Najua," alisema Firoz. "Ndiyo maana nakwambia kwa Kiswahili."

Akaendelea kwa upole. Mlango ule pale, hakuna aliyemfunga kamba. Ila akiondoka mashine inasimama, na Serah itabidi arudishwe nyumbani bila malipo. Na Ghalia mwenyewe ni mjane, watoto wawili, kodi ya nyumba iko kwake peke yake. Afikiri.

Serah, Mkenya wa Kisii, mama wa watu asiyezidisha maneno, alimwambia aende. Ghalia akaifungua aproni. Akakaa nayo mkononi, anaitazama saa ya ukutani, anamtazama Serah. Halafu akaifunga tena.

Saa sita ilipogonga alikuwa ameshika pembe ya kushoto. Sasa kule Lewisham wanamwinua mama kidogo, wanamminya tumbo taratibu. Sasa wanaanza upande wa kulia. Sasa wa kushoto. Sasa maji ya mwisho, yenye kafuri. Joto la roli liliipata ile iliyokuwa mfukoni, harufu ikapanda, ikawafika wote wawili. Ghalia aliona haya, haya ya kuchoma uso, kama aliyekutwa akiiba. Serah alinyoosha shuka na kusubiri.

Alifika Lewisham saa kumi, wanaume wamesharudi kutoka makaburini. Bi Zahra wa msikitini alimwambia mamake alikoshwa vizuri, viungo laini, na kafuri walinunua dukani. Walimsubiri kidogo.

Cheti akakipeleka ofisini kesho yake, akajaza fomu ya siku ya msiba ili angalau asome hitima na ndugu zake, kumwombea mama. Wiki iliyofuata Firoz akamletea jibu, limepigwa muhuri: imekubaliwa, Ijumaa, tarehe ishirini na moja Aprili.

"Umeona? Nimekupigania."

"Hiyo si Ijumaa Kuu?"

"Ndiyo. Tumefunga, kwa hiyo hutomtia mtu tabu."

Kulikuwa na mstari wa kutia saini. Akatia.

Ijumaa hiyo aliamka saa kumi alfajiri, mwili hauna habari kwamba ni mapumziko. Watoto wamelala. Akajaza maji kwenye beseni bafuni afue aproni, akapitisha mkono mfukoni, akakuta ile karatasi. Ilikuwa imefungwa vilevile alivyoifunga. Akaifungua. Kafuri ikikaa penye joto huisha yenyewe, na wiki zote hizo ilikuwa mbele ya roli. Hapakuwa na kitu ndani.

Akaiweka karatasi juu ya sinki. Akaitumbukiza aproni kwenye maji, akaikunjua, akaanza upande wa kulia.