Mlango wa Mke wa Seremala

Vitabu arobaini nilivishona mwenyewe, na vitabu arobaini nikavifumua mwenyewe, ndani ya wiki moja. Mwanangu wa kwanza aliposikia alisema mama kazeeka. Sijazeeka. Nilikuwa na hasira, na hasira ya fundi huishia kwenye mshono.

Mimi ni fundi cherehani. Shule yangu iliishia darasa la saba, na watu huniita Bi Sindano. Wateja wakija kupimwa huwa nawasimulia, maana mtu anayesikiliza hadithi hutulia, na aliyetulia hupimika. Hadithi waliyoipenda kuliko zote ni ya mke wa seremala. Mumewe alitengeneza mlango mzito wa mbao ngumu, na kila akitoka humfungia mkewe kwa nje. Siku moja yule mke akachukua bisibisi, akafungua bawaba zilizokuwa upande wa ndani, akajitwika mlango kichwani, akaenda zake. Mwishoni anaulaza juu ya matofali, unakuwa meza yake ya kazi. Basi.

“Andika,” wateja wakasema. Nikaandika, madaftari mawili. Mchapishaji mmoja alinijibu kwamba hadithi ni fupi na mwandishi hajasoma. Nikajisemea, asiye na kiwanda cha vitabu ana cherehani.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Nikampa madaftari, akachapa, akanitolea kopi arobaini. Nikakunja karatasi kumi kumi katikati, nikaweka jalada la manila, nikapitisha cherehani kwenye mkunjo, sindano nene na uzi wa jinzi. Vilipendeza hivyo! Kosa langu lilikuwa la kifundi: nilikagua mishono yote, maneno sikukagua hata moja.

Ijumaa asubuhi wifi yangu alikuja kuchukua gauni lake. Akaokota kitabu, akakifungua mwishoni, maana huyo hana subira hata ya chai kupoa.

“Wifi, kumbe umemrudisha?”

“Nimemrudisha nani?”

“Mwanamke wa mlango! Hapa anatubu, anarudi nao, mume anamsamehe. ‘Wakaishi raha mustarehe.’ Haa! Kumtetea mume si kazi yangu mimi wifi? Leo umeninyang'anya?”

Nikasoma. Maneno yale hayakuwa yangu.

“Chana huo ukurasa yaishe,” akasema.

“Hauchaniki. Wa mwisho na wa kwanza ni karatasi moja iliyokunjwa. Nikichana mwisho, na mwanzo unachomoka.”

“Basi acha. Wateja wanakuja kesho kuvichukua. Nani atajua?”

“Mimi. Na mama.”

Wifi akakirudisha kitabu mezani, maana ya mama anayajua. Mama yangu aliondoka kwa baba mara tatu. Mara tatu wazee wenye maneno matamu walimrudisha, na kila mara walisema yameisha. Mara ya nne hakuondoka, kwa sababu kilichokuwa kimeisha ni nguvu zake. Watu huniuliza kinachoniandikisha ni nini, mtu wa darasa la saba. Ni hicho. Nilitaka mwanamke mmoja tu, hata wa karatasi, aende asirudishwe.

Nikavaa viatu, nikaenda dukani kwa Mwalimu. Foleni ilifika mlangoni.

“Nilikunyooshea tu, Bi Sindano,” akasema bila kuinua macho. “Hadithi lazima iwe na funzo. Nimefundisha miaka thelathini.”

“Na mimi nimeshona arobaini. Mteja akileta kitambaa cha gauni, simshonei suruali nikamwambia nimemnyooshea.”

Foleni ikacheka. Mwalimu akavimba. “Ule mwisho wako sichapi. Watu wataniuliza nafundisha wake zao nini.”

“Kitendawili,” nikasema.

Mwalimu gani atalikwepa neno hilo mbele za watu? Akajiweka sawa kitini. “Tega!”

“Nilimtuma mwanangu kwa jirani, karudi anamwita jirani mama.”

“Kifaranga cha bata.”

“Sicho.”

“Mwangwi.”

“Siyo.”

Akakuna kidevu, akaangalia dari. “Toa mji, Mwalimu, tuna shughuli!” akapaza sauti mama mmoja aliyeshika cheti cha kuzaliwa.

“Haya, nakupa mji. Chukua wowote uutakao.”

“Miji mikubwa siiwezi. Nipe ukurasa mmoja, uchapwe kama nilivyouandika. Na jibu ni hadithi yangu.”

Mwalimu akageukia foleni kutafuta mtetezi.

“Mji ushatolewa,” yule mama akasema. “Chapa.”

Akachapa, anabonyeza vitufe kama anaua chawa. Nilisimama nyuma yake nikasoma herufi kwa herufi. Akainua mkono kuongeza sentensi, nikakohoa, akaushusha.

Mchana kutwa nilifumua. Jumamosi wateja walikuta vitabu vimelala wazi kwenye meza yangu ya kukatia, karatasi mpya ndani yake. Cherehani isingefaa tena: matundu yalikwishatobolewa, ikipita mara ya pili karatasi hukatika kama stempu. Ilitakiwa sindano ya mkono, tundu kwa tundu. Kila aliyekuja nikampa yake.

“Tumekuja kuchukua vitabu au kufanya kazi?” wifi akalalamika, huku ameshamaliza cha pili.

Mwalimu alikuja wa mwisho, nadhani kuangalia aibu yangu. Nikampa sindano na kitabu kama wengine. Akausoma ukurasa wa mwisho upya, ameegemea meza kwa kiganja. Kidole kikazama kwenye tobo la mbao.

“Hili tundu la nini?”

“La ufunguo.”

Akainama chini ya meza. Akaona matofali yaliyoibeba, akaona alama za bawaba pembeni mwa mbao.

“Baba yangu alikuwa seremala,” nikamwambia. “Mama alipozikwa, wazee walisema nichukue nguo zake. Nikachukua bisibisi.”

Mwalimu akakaa. Akalamba ncha ya uzi, akaanza kulitafuta jicho la sindano.

“Kaza mshono, Mwalimu,” nikasema. “Huyu harudi.”