Kadi Niliyompora Dale

Kwa miaka hamsini na minane nilijua jambo moja kwa hakika: nilimpora mdogo wangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye minane. Nilimpa kadi ya besiboli, zile za picha za wachezaji ambazo watoto tulikusanya na kubadilishana, ya Lou Tanner, mchezaji wa akiba aliyezeekea benchi, naye akanipa ya Buck Ferrante, nyota wa nyota. Mama alinichapa, lakini kwetu Lorain kadi zikishabadilishwa zimebadilishwa.

Dale hakuniacha nipumue. Krismasi, mazishini, hata kwenye harusi ya binti yangu: "Mwizi wangu huyo hapo!" Nami nikajitahidi kulipia. Gari la baba nikamwachia yeye. Na tangu afiwe na mkewe, kila Jumapili nampelekea soseji na kabichi, na theluji ya mlangoni kwake naizoa mimi kwa koleo, na mgongo wenyewe huu.

Machi hii, maonyesho ya kadi yalipofika ukumbi wa wazima moto, nikasema leo yaishe. Ferrante apimwe, nijue thamani yake, nimrudishie Dale mbele ya watu. Dale akaanza kujikuna, mara ana njaa, mara miguu inamuuma. Nikamburuta mpaka mezani kwa Dottie Vargo, anayepima kadi tangu mimi nina nywele.

Dottie akaiweka chini ya kioo, akaipima kwa rula, akashusha pumzi.

"Vernon, nani kaikata hii?"

"Kuikata? Pembe zilichakaa, nikazinyoosha kidogo kwa wembe. Nilikuwa kijana. Si inapendeza?"

"Umeiua."

"Nimeisafisha!"

"Ungeiacha na uchakavu wake, leo ungeezeka nyumba upya. Sasa haikununulii hata hotidogi ya hapo mlangoni."

Sikuelewa. Chakavu ina bei, nadhifu haina? Nikamwambia Dale atoe ya kwake basi, tumalize. Lou Tanner anatembea naye miaka yote, ndiye ushahidi wake. Akamtoa mfukoni taratibu, ndani ya kibweta cha plastiki, bila kunitazama.

Dottie akaigeuza. "Unaona? Mbele Tanner, nyuma wamechapa habari za mtu mwingine. Kiwanda kilikosea, zikatoka chache tu kabla hawajasimamisha mashine. Hii ni bei ya gari zima, tena jipya."

"Ngoja kwanza. Kiwanda kikiharibu, bei inapanda. Mimi nikitengeneza, inashuka?"

"Ndiyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe si kiwanda, Vernon."

Kwa hiyo nilimpa gari nikachukua karatasi? Nani kamwibia nani? Nilikuwa bado napanga swali lingine, Dottie akamrudishia Dale kadi yake na kusema, bila ubaya wowote, "Lakini haya si nilikwambia miaka mitatu iliyopita, Dale? Nilidhani umeshaiuza."

Dale akatazama viatu vyake.

Tukatoka mpaka kwenye maegesho. Nilitaka kucheka, nilitaka kumzaba kofi, sikujua kipi kitangulie.

"Miaka mitatu unajua," nikasema, "na Jumapili iliyopita umeniita mwizi huku mdomo umejaa soseji yangu!"

"Nilikuita, kaka."

"Una wazimu wewe? Kwa nini hukusema?"

Akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akaifungua, akaifunga tena.

"Ungejua hukuniibia, Vern, ungekuwa unakuja?"

Nikafungua kinywa nimjibu ndiyo, ningekuja. Neno halikutoka upesi. Dale alisubiri kidogo, kisha akaenda kusimama upande wa pili wa gari, akingoja nimfungulie mlango.