Makofi ya Verlene

Kusini mwa Houston wimbo hauhukumiwi studio. Unaweza kuupika kwa mashine za bei mbaya, wakubwa wa kampuni wakautikisia vichwa wakiwa wamekaa kwenye viti vyao vya ngozi, na bado usiwe wimbo. Utakuwa wimbo siku utakapopigwa kwenye buti ya gari, mchana kweupe, buti iko wazi, watu wa mtaa wamesimama wanausikiliza kwa vifua. Vioo vya jirani visipotetemeka, rudi jikoni.

Mtaani Sunnyside buti zilikuwa nyingi, lakini ya Alvester Guidry ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Gari lenyewe ni Kadilaki la zamani, jekundu kama pipi iliyokwisha kulambwa, na rimu zimechomoza nje kama viwiko vya mtu anayepenya foleni. Ndani ya buti kulikuwa na spika zilizojaa pomoni. Kwenye kifuniko, pale ambapo wenzake huandika majigambo yao kwa taa za rangi, yeye alikuwa na neno moja la samawati: VERLENE. Alilipachika mwaka aliomzika mkewe.

Alhamisi ile alilisugua gari tangu asubuhi. Skeet, mwenye duka la matairi kando ya barabara, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa na nywele, alisimama mlangoni akimtazama.

"We mzee, punguza. Utasugua mpaka ufike kwenye injini."

"Leo inatoka, Skeet."

"Ndivyo walivyosema mwaka juzi. Na mwaka wa kabla ya huo. Mimi ile albamu naiona kama Yesu: anakuja, anakuja, huku sisi tunazeeka."

"Tarver kapiga simu mwenyewe. Tunaisikiliza leo kwenye uwanja wako, na usiku inatoka dunia nzima."

"Na Verlene yumo?"

"Nilimwuliza. Kasema wimbo upo palepale, wa tatu."

Skeet akaona uso wa mwenzake, akarudi kwenye matairi yake.

Albamu ile ya rapu ya Tarver ilizaliwa kwenye gereji ya Alvester. Siku hizo Tarver alikuwa kijana mwembamba mwenye mdomo mpana, mama yake keshafariki, na akishagonga mlango wa akina Guidry hakuondoka mpaka sufuria ionekane chini. Gari lilitolewa nje, mashine zikaingizwa ndani, magodoro ya zamani yakaegemezwa kutani ili sauti isikimbie. Mle ndani alirapu habari za mtaa kwa ule mwendo wa kwao, wa polepole, kama mtu asiyedaiwa na saa.

Verlene aliingia siku moja amebeba sinia la soseji za wali, akasimama kusikiliza.

"Hayo makofi mnayapiga na nini?"

"Mashine, Mama Verlene."

"Nilijua tu. Mashine haina viganja. Hayo yanasikika kama mtu anayepasua karanga wakati wa ibada. Sogea."

Alikuwa amepiga makofi kwenye kwaya ya kanisa la Mlima Pisga tangu utotoni. Mwanamke aliyeweza kuwainua wazee vitini kwa viganja viwili tu, kabla kinanda hakijaamka. Alivua viatu, akasimama mbele ya kipaza sauti, akapiga. Tarver alikunja uso.

"Kuna kitu kinagonga, Mama Verlene. Ti, ti. Ni pete yako. Ivue kidogo turudie."

"Pete hii? Hii itavuliwa na mwenye kunizika, naye nitamfinya." Akamtupia jicho Alvester. "Rekodi hivyo hivyo, mtoto, chakula kinapoa."

Wakarekodi hivyo hivyo. Makofi yale ndiyo yakawa uti wa mgongo wa wimbo wa tatu. Wiki iliyofuata akauimbia na kiitikio alichokitunga mwenyewe akiosha vyombo: "Niachie taa ya kibarazani, nimechelewa lakini naja." Walipoupeleka kwenye buti, vioo vya duka la Skeet vililia, na bibi mmoja aliyekuwa akipita na mfuko wa vitunguu aliuweka chini, akafumba macho.

Kila walipoupima mchanganyiko mpya, walikuja na sidii, na kila mara Tarver aliondoka nayo. "Usinielewe vibaya, Anko Al. Ikivuja tumekwisha." Alvester alimwelewa. Hakubaki hata na moja. Wengine wangetoa nakala kwa siri. Yeye aliona aibu hata kuliwaza hilo. Mtoto amekula kwako, unamwibiaje?

Kisha kampuni ya muziki ikamchukua Tarver, na hapo ndipo wakubwa walipoikalia albamu kama kuku aliyekalia yai la plastiki. Meneja mmoja akaondoka na ahadi zake, akaja mwingine akataka mdundo wa haraka kama wa miji mingine, huyo naye akafukuzwa. Miaka ikaliwa. Tarver akanenepa, akawa Big Tarver kweli, akiimba kwenye nyimbo za watu huku yake mwenyewe imefungiwa. Na Verlene akaanza kupungua. Hospitali wakampa tarehe za mbali, na wenye kupanga tarehe hizo hawakuwa na mgonjwa nyumbani. Ugonjwa hausomi kalenda ya mtu.

Siku ya kumzika, Alvester aliomba jambo moja tu.

"Nipigie ule wimbo kanisani. Mara moja. Watu wamsikie."

Tarver alilia, tena machozi ya kweli. "Anko, kampuni wamekataa. Simu zitakuwa mle ndani, itavuja. Albamu ikitoka, dunia nzima itamsikia. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu."

Basi Verlene akaimbiwa na wengine, akashuka kaburini na pete yake kidoleni. Alvester akarudi nyumbani kungoja. Hakuwa na sauti ya mkewe popote. Simu yake ya zamani ilikufa na ujumbe wote uliokuwamo, na kanisani hawakuwahi kurekodi. Sauti ilibaki mahali pamoja duniani, ndani ya albamu ya Tarver. Ndiyo maana kila mwaka uliotajwa, yeye aliliosha gari.

Saa nane mchana uwanja wa Skeet ulikuwa umejaa. Magari yalijipanga, moshi wa mbavu alizochoma Alvester ukapaa, soda nyekundu zikafunguliwa. Tarver alifika kwenye gari refu jeusi, akamkumbatia Alvester kwa nguvu, ila macho yake yaliangalia kwingine. Nyuma yake alishuka mzungu mmoja wa kampuni, kijana aitwaye Whitlow, viatu vyeupe visivyojua vumbi, na mtu wa kamera.

Alvester akafungua buti. Taa za samawati zikawaka.

"Lo, safi sana!" Whitlow akapiga makofi. "Hii ndiyo picha ya kuitangazia albamu. Bwana Guidry, na huyo Verlene ni nani? Mpenzi wa zamani?"

"Utamsikia kwenye wimbo wa tatu," alisema Alvester.

Tabasamu la Whitlow likagandia usoni. Akamgeukia Tarver. Tarver akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Sidii ikaingizwa. Wimbo wa kwanza ukapita, watu wakatikisa mabega. Wa pili ukapita. Skeet akapaza sauti: "Haya, nyamazeni! Anayetafuna mbavu atafune kimoyomoyo!"

Ukaja wa tatu. Ulianza na makofi matupu, kabla ya ngoma, kabla ya besi. Pa. Pa. Na ndani ya kila kofi, mlio mwembamba kama kijiko kilichogusa kikombe. Ti. Alvester alishika ukingo wa buti. Alimwona Verlene miguu mitupu gerejini, kidevu juu, anamngojea. Besi ikaingia, vioo vya Skeet vikalia kama zamani, na kiitikio kikafunguka.

"Niachie taa ya kibarazani..."

Sauti ya msichana. Nyembamba, laini, iliyonyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Maneno ya Verlene, mahadhi ya Verlene, mdomo wa mtu mwingine.

Mwanzoni alidhani ni mwitikiaji, kwamba Verlene yuaja nyuma. Akangoja. Hata katika kungoja huko kwa mwisho hawakumwonea huruma. Kiitikio kikaisha, kikarudi mara ya pili, msichana ni yuleyule. Alvester akanyoosha mkono, akazima.

"Aaah!" watu wakalalamika.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Anko Al, twende pembeni tuongee."

"Mbavu zangu umezila hadharani, Tarver. Niambie hadharani."

Tarver akajipangusa jasho. "Kampuni walitaka jina ambalo vijana wanalijua. Ana wafuasi wengi. Na ya Mama Verlene, wanasheria walisema kuna mambo ya ruhusa, sijui urithi..."

"Mrithi ni mimi. Ningeweka sahihi hata kwa kisigino. Nani aliniuliza?"

Alvester akamsogelea.

"Walimtoa lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Pasaka ulikaa mezani kwangu. Kwenye kiti chake."

"Nilishindwa kusema, Anko. Haki ya Mungu nilishindwa."

"Hukushindwa kuomba nyama ya pili."

Mtu mmoja alicheka, akajutia. Skeet aliweka sahani chini. "Tarver, yule mama alikufunga tai ya kwanza maishani mwako," alisema taratibu. "Mbwa akilishwa, hata akishindwa kulinda, walau habweki upande wa mwizi."

Whitlow akaingia kati, sauti yake imepakwa mafuta. "Bwana Guidry, kwa heshima zote. Maneno ni yaleyale, wimbo ni uleule. Ile rekodi ya zamani ilikuwa na kelele za gereji. Tumesafisha kila kitu."

Kila kitu. Alvester akafungua mdomo. Alikuwa nalo ulimini: hamkusafisha, wajinga nyie, makofi mnayochezea hapa ni yake, pete inayogonga ni niliyomvisha mimi, mmejenga nyumba nzima juu ya mgongo wake halafu mkamfungia mlango.

"Na kama kuna chochote hakikupendezi," Whitlow aliendelea, akidhani anamtuliza, "kinaondoka. Hata albamu ikiwa imeshatoka. Siku hizi ni kubonyeza tu, kesho watu wanasikia kitu kingine."

Alvester akaufunga mdomo. Akiyataja makofi, nayo yangeondoka.

Akamtazama Tarver. Tarver alikuwapo gerejini, alijua makofi ni ya nani. Macho yao yakakutana kwa mara ya kwanza siku ile, na Tarver akatikisa kichwa kidogo sana, karibu asionekane. Alvester hakujua kama ni msamaha anaomba au ni siri anatunza. Hakumshukuru.

"Ile sauti yake ya zamani," alisema. "Nipe hiyo tu. Endeleeni na yenu."

Tarver akamwangalia Whitlow. Whitlow akaangalia viatu vyake vyeupe. "Hiyo ni mali ya kampuni. Imehifadhiwa. Hata sisi hatuna uwezo..."

"Wenye uwezo huwa hawaji kwenye vumbi," alisema Alvester. "Wanakutuma wewe."

Baba yake Alvester walimfanya vivyo hivyo kiwandani: wakachukua mikono, na siku alipotaka kusema, wakamwonyesha geti. Wakubwa hawabadiliki. Verlene naye wamemkata ulimi, wakabakiza viganja viwafanyie kazi.

Alibana kifuniko cha buti. Taa za samawati zikazimika.

"Picha moja tu, ikiwa wazi!" mtu wa kamera aliomba.

"Jina lile si pambo la harusi ya mtu. Ondoa hicho kidude."

Akaingia garini. Tarver akamkimbilia dirishani, pumzi juu. "Anko, samahani, ile sidii. Lazima nirudi nayo. Ikivuja kabla ya usiku..."

Alvester alicheka. Kicheko hicho Skeet alisema baadaye kwamba hakikuwa cha mtu aliyefurahi. Alipandisha kioo polepole, sidii ikiwa ndani, akaondoka kwa mwendo wa kwao, usio na haraka, rimu zikipukuta jua.

Siku ya pili albamu ilikuwa kila mahali. Ilitoka kwenye madirisha, kwa vinyozi, kwenye simu za watoto waliorudi kutoka shule. Watu waliusifu wimbo wa tatu kuliko yote. Msichana yule aliulizwa redioni alipata wapi hisia za namna ile. Akasema ni kipaji cha Mungu.

Jioni Skeet alikuja na sahani iliyofunikwa. Alilikuta gari limerudishwa gerejini, pale palipokuwa na magodoro, na Alvester amekaa ndani na mlango wazi. Kutoka nyuma yalisikika makofi. Pa. Pa. Kisha, punde tu kabla besi haijaingia na mtu mwingine hajafungua kinywa, kidole cha Alvester kilirudisha mwanzo. Pa. Pa. Ti.

Skeet alisogea mpaka mlangoni mwa gari, chakula kinapoa mkononi.

"Ndiyo nini hicho unasikiliza, Guidry? Makofi matupu?"

"Ni mke wangu," alisema Alvester. "Yuko kazini."

Akarudisha mwanzo.