Finjani Kabla ya Haja

Mwaka wa pili tangu atoke Unguja na kuingia Matrah, Omani, Suud bin Amur alikuwa na watu wanne tu wa kuzungumza nao, na wote walikuwa kundi la Marhoon.

Shangazi yake, Bi Nasriya, alimpenda, lakini alishinda kwenye cherehani, na jioni hana tena la kusema. Sokoni vijana wa mtaa walikicheka Kiarabu chake. "Ewe mla muhogo," walimwita, "hebu sema tena!" Kwao Unguja watu walimjua ni mtoto wa nani. Hapa hakuna aliyemuuliza.

Ndiyo maana siku Marhoon alipompigia mbinja nyuma ya maghala ya tende, akamwambia kwa Kiswahili, "Njoo ukae, weye. Hapa hakuna wa kukucheka ila mimi," Suud alikaa. Hakuuliza kundi lile kazi yake nini. Kazi yake ilikuwa kupigana.

Alasiri moja walipigana na vijana wa mtaa, na jiwe la Suud likamvunja mkono Aflah, mtoto wa Harub muuza tende. Harub akaleta neno: aliyerusha jiwe aje mwenyewe, la sivyo yeye atakwenda kwa wali, mtawala wa mji. Watu wetu wa Unguja wakaingia hofu. Tulikuwa wageni katika nchi ya babu zetu, na Suud angeweza kufungwa, au kutolewa mjini asijue pa kwenda.

Ami Majid, mkubwa wetu, alimchukua mwenyewe.

"Marhoon naye anakuja?" Suud aliuliza njiani.

"Marhoon ana homa. Leo wote wana homa."

Sabla ya Harub, chumba chake cha wageni, ilijaa wanaume waliokaa mikekani kuzunguka ukuta. Kahawa ikamiminwa. Ami Majid aliiweka finjani yake chini, hakuionja. Suud alilelewa na bibi aliyemfunza kwamba kuacha ulichopewa ni kumtusi mwenye nyumba. Akanywa yote.

Wanaume wakatazamana. Kule, mwenye haja hanywi kahawa mpaka haja yake ikubaliwe. Aliyekunywa amesema hana la kuomba.

"Ya Majid," alisema Harub kwa Kiarabu, "kijana wako hakuja kutaka radhi. Amekuja kunywa kahawa."

"Hajui, sheikh."

"Ana muda gani hapa?"

"Huu mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili, na hakuna hata mmoja wenu aliyemkalisha barazani akaona watu wanavyokaa?"

Ami Majid akainamisha kichwa. Mzee mmoja wa upande wa Harub akasema taratibu, "Wala sisi hatukumwita."

Harub alimtazama Suud. "Wenzako wako wapi?"

Ami Majid akatafsiri, na la kahawa pia. Suud akautazama mlango.

Harub akamimina finjani ya pili kwa mkono wake, akaiweka mbele ya kijana. Safari hii Suud hakuigusa. Akaomba radhi kwa Kiarabu chake kile kile cha kuchekwa, na hakuna aliyecheka.

"Nimekubali," alisema Harub. "Lakini kuanzia leo alasiri zako ni hapa. Nikisikia uko nyuma ya maghala, nakwenda kwa wali. Haya, kunywa."

Basi akawa anakaa pale. Wanaume walizungumza habari za mitende na maji ya falaji, mifereji ya mashamba, na maneno yakampita. Walimpa kahawa kwa heshima. Aflah, mkono umefungwa kitambaa, alikaa mbele yake bila ya kumsemesha.

Siku za mwanzo mbinja ilisikika uchochoroni. Midomo ya Suud ilijikunja kuijibu, naye akaifunika kwa finjani.

"Suud! Umeshakuwa sheikh?" Marhoon alipiga kelele nje, na wenziwe wakacheka. Suud alikijua kicheko cha kila mmoja wao.

Kisha mbinja ikakoma.

Alasiri ile alisubiri mpaka kahawa ikapoa mkononi. Akainywa, akaitikisa finjani kidogo kama alivyowaona wakifanya, kuwa imetosha, akairudisha.

"Huyu sasa mwenzetu," alisema mzee mmoja.

Suud alifahamu kila neno. Akainama kwa adabu, huku sikio lake liko nje.